Maoni: Tupime mashine kabla ya kununua programu

Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Nilikuwa nimemsindikiza mama mkubwa kwenye kituo kimoja cha afya hapa Lubumbashi, na mbele ya dirisha la kuandikisha wagonjwa hakuna aliyesogea kwa karibu saa nzima. Muuguzi hakuwa mvivu. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena, huku kiduara kikizunguka kwenye kioo. Kituo kilikuwa kimepewa programu mpya ya wagonjwa, lakini ordinatere yenyewe ni ya zamani. Mwishowe alifungua daftari, akachukua kalamu. Foleni ikaanza kutembea.

Nilimuuliza mkubwa wa kituo kama kuna mtu aliyekuja kuangalia mashine kabla ya kuleta programu. Hakuna. Walikuja kuionyesha tu, kwenye kompyuta mpya waliyobeba wenyewe. Ilienda mbio, watu wakapiga makofi.

Hapo ndipo kosa lilipo, na si la kituo hicho peke yake. Programu inapimwa kwenye mashine ya mwuzaji, kisha inakuja kufanya kazi kwenye mashine ya muuguzi, ya mwalimu, ya karani wa komini. Ni mashine mbili tofauti kabisa.

Wauzaji wana karatasi ya kile wanachokiita mahitaji ya chini, na wakubwa wengi wakiiona wanatulia. Lakini mahitaji ya chini ni kile kinachotosha programu iwake, si kile kinachotosha kazi iende. Microsoft wanaandika kwamba Windows 11 inahitaji RAM ya GB 4 na nafasi ya GB 64. Ni kweli, itawaka. Sasa ongeza kurasa sita za intaneti, programu ya kuzuia virusi, WhatsApp, na ile programu ya wagonjwa. RAM inajaa, kompyuta inaanza kuazima nafasi kwenye diski, na kama diski ni ile ya zamani inayozunguka, kiduara kinazaliwa hapo. Mimi binafsi nisingekubali chini ya GB 8 kwa ofisi yoyote.

Tena RAM si yote. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel karibu prosesa zote inazozikubali ni za kizazi cha 8 kwenda mbele, yaani kuanzia mwaka 2017. Kwa hiyo ukinunua mashine iliyokwisha kutumika Ulaya, ya mwaka 2014 kwa mfano, inaweza kuwa na RAM ya kutosha na bado ikakataliwa. Anayekuuzia hatakuambia.

Kupima hakuhitaji mtaalamu kutoka nje. Tuseme kituo kinapokea wagonjwa 80 kwa siku, na kila mmoja anapigiwa picha ya karatasi yake yenye KB 300. Hiyo ni MB 24 kwa siku. Kwa siku 300 za kazi ni zaidi ya GB 7 kwa mwaka, na hapo hatujahesabu nakala ya akiba, ambayo inaongeza mara mbili. Kisha uliza watu wangapi wataingia kwa wakati mmoja. Programu inayomwendea vizuri mtu mmoja inaweza kuanguka wakifika watano.

Swali la umeme ndilo linalosahaulika zaidi, na kwetu ndilo lingetangulia. Kompyuta ya mezani pamoja na kioo chake ikitumia wati 150 kwa saa 8, ni kilowati-saa 1.2 kwa siku. Ya kubeba ikitumia wati 40, ni 0.32 tu. Kwa kituo kinachoishi kwa jua na betri, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama kazi inaendelea mchana wote au inakufa saa sita.

Najua jibu la wakubwa: basi tununue mashine mpya kwa wote. Kwa pesa ya nani? Mara nyingine kubadilisha diski na kuongeza RAM kunatosha. Mara nyingine programu ndiyo inapaswa kupungua. DHIS2, ambayo wizara yetu ya Afya inaitumia kukusanya takwimu, ina sehemu ya simu za Android inayohifadhi data ndani ya simu na kuituma mtandao ukirudi. Waliyoitengeneza walifikiria mahali pasipo na mtandao. Vijana wetu wanaoandika programu hapa mjini nao waazime kwanza kompyuta chovu kuliko zote za mteja, waifanyie majaribio wiki nzima, na matokeo yaandikwe kwenye mkataba kabla franka moja haijatoka.

Juzi nilipita tena kituoni. Wauguzi wanaandika kwenye daftari mchana, na jioni, wagonjwa wakishaondoka, mmoja wao anabaki kunakili yote kwenye kompyuta. Nilipotoka, saa moja usiku, alikuwa amefika kwa mgonjwa wa 31.