Droo Ifanyike Machoni pa Watu



Ndugu msomaji, huku kwetu Kinyala msimu wa michango ukifika, kila kigango hutafuta njia yake. Wapo wanaouza ndizi, wapo wanaoitisha harambee, na wapo wanaochezesha bahati nasibu. Kigango kimoja cha huku Rungwe kiliuza tiketi kwa shilingi 1,000 ili kupata mabati ya kanisa. Zawadi ya kwanza ilikuwa mtamba wa ng'ombe wa maziwa, na kwa mkulima wa huku hiyo si zawadi ndogo. Siku ya droo, baada ya Misa, hatukuona ndoo yenye vishina vya tiketi kama tulivyozoea. Kijana mmoja alisimama na simu, akabonyeza mara moja, akatangaza namba. Mshindi akawa ndugu wa mmoja wa wanakamati.

Hatusemi kwamba paliibwa. Inawezekana kabisa yule ndugu alibahatika kwa haki. Lakini manung'uniko yalianza palepale uwanjani, na mama mmoja mzee wa WAWATA alitugeukia akatuuliza: "Wanangu, na namba yangu mimi ilikuwemo humo kwenye simu?" Hatukuwa na jibu. Tangu siku hiyo swali lake halijatutoka, na ndilo linalotufanya tuandike.

Swali hilo ni kubwa kuliko kigango kimoja. Zamani namba za bahati nasibu zilitolewa kwa mipira: mipira midogo yenye namba inarushwarushwa na upepo ndani ya chombo cha kioo, mmoja unatoka, watu wote wanausoma. Siku hizi kazi hiyo katika nchi nyingi hufanywa na kompyuta. Nchini kwetu, Tatu Mzuka ilipoanza mwaka 2017, mtu alichagua tarakimu tatu na kulipa kwa simu, na droo ikafanyika kila saa. Je, ipi ni ya haki zaidi, mipira au kompyuta?

Kwanza tuelewe kompyuta inavyofanya. Kompyuta haina bahati. Inapiga hesabu tu. Hupewa namba ya kuanzia, ambayo mafundi huiita mbegu, kisha huipitisha katika kanuni mpaka itoe namba zinazoonekana kama hazina mpangilio. Ni kama karani anayesoma kitabu kinene cha namba zilizokwisha kuandikwa: anayejua ukurasa wa kuanzia anajua zote zinazofuata. Zipo mashine bora zaidi, ambazo huchota namba zao katika kelele za umeme zisizotabirika, kama ile ya Uingereza iitwayo ERNIE iliyoanza kazi mwaka 1957. Lakini mtazamaji hawezi kutofautisha moja na nyingine. Yeye huona namba kwenye kioo, basi.

Hata hivyo tusikimbilie kuitakatifuza mipira. Tarehe 24 Aprili 1980, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, droo ya tarakimu tatu ilionyeshwa moja kwa moja kwenye televisheni, na namba ikatoka 666. Wasomaji wa Ufunuo 13:18 wataelewa kwa nini watu walishtuka. Lakini shetani hakuhitaji kuja mwenyewe. Mtangazaji wa droo, Nick Perry, na wenzake walikuwa wameingiza rangi kwa sindano ndani ya mipira yote isipokuwa yenye namba 4 na 6. Mipira iliyotiwa rangi ikawa mizito, ikashindwa kupanda. Zikabaki namba nane tu zinazoweza kutoka, kuanzia 444 hadi 666, na wenzao walikuwa wamezinunua zote nane kwa wingi. Wingi huo wa tiketi ndio uliozua mashaka. Mwaka 1981 Perry alitiwa hatiani.

Sasa tazama upande wa pili. Eddie Tipton alikuwa mkuu wa usalama wa mifumo ya kompyuta katika chama cha bahati nasibu za majimbo kadhaa ya Marekani, chenye ofisi zake Iowa. Yeye ndiye aliyeandika programu ya kutoa namba, na ndani yake alificha mistari michache. Droo ikiangukia siku fulani chache za mwaka, programu iliacha kubahatisha na kutoa namba ambazo yeye aliweza kuzijua kabla. Tarehe 29 Desemba 2010 tiketi aliyoinunua mwenyewe dukani ilishinda zaidi ya dola milioni 16. Alinaswa kwa sababu kamera ya duka ilimpiga picha akinunua, na sheria za Iowa zilitaka mshindi ajulikane ni nani. Hapo ndipo ikagundulika kwamba mchezo ule ulikuwa umefanyika katika majimbo matano tangu mwaka 2005. Mwaka 2017 alihukumiwa kifungo cha hadi miaka 25.

Ukizilinganisha kesi hizi mbili utaona tofauti. Wizi wa mipira ulihitaji watu wengi: wa kuipata mipira, wa kuitia rangi, wa kuibadilisha, wa kununua tiketi. Ulifanyika droo moja, na siri ya watu wengi haikukaa. Kuichezea programu ya kompyuta kulihitaji mtu mmoja na kibodi, na wizi ukaendelea kwa miaka. Hata mipira inadanganya, lakini inadanganya mbele ya macho, na macho mengi yana nafasi ya kuona. Kompyuta inatutaka tumwamini mtu tusiyemwona kwa kazi tusiyoweza kuikagua. Kwa hiyo msimamo wetu ni huu: haki ya droo haimo ndani ya mashine, imo katika ushahidi. Droo ambayo walioweka fedha zao hawawezi kuishuhudia wala kuikagua haijatimiza haki, hata kama haikuibwa kitu.

Maandiko yanatusaidia hapa. Mitume walipotaka kuijaza nafasi ya Yuda, walisali, kisha wakapiga kura kati ya Yosefu Barsaba na Mathia (Mdo 1:23-26), na jambo hilo lilifanyika katika mkutano wa ndugu wapatao 120. Ndugu zetu Wakopti wa Misri wanaendeleza desturi hiyo hadi leo. Tarehe 4 Novemba 2012, katika kanisa kuu la Kairo, mtoto mdogo aliyefungwa macho alichota jina moja kati ya matatu kutoka chombo cha kioo, waumini wakitazama, na Papa Tawadros wa Pili akapatikana. Macho ya mtoto yalifungwa, lakini ya taifa la Mungu yaliachwa wazi. Tusisahau pia kwamba askari walipigia kura vazi la Bwana chini ya msalaba (Yn 19:24). Kura yenyewe si takatifu. Inategemea inapigwa na nani, kwa ajili ya nini, na nani anaumia.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inafundisha kwamba michezo ya bahati si dhambi yenyewe kwa yenyewe. Inakuwa mbaya pale inapomnyang'anya mtu mahitaji yake na ya wanaomtegemea, na udanganyifu katika michezo hiyo ni jambo zito. Hapo tunaiona hatari ya pili ya kompyuta, nayo ni mwendo wake. Mashine ya mipira ni ya polepole. Ilichezeshwa mara moja kwa siku au kwa wiki, na aliyepoteza alirudi nyumbani, akalala, akafikiri. Kompyuta hailali. Simu ya kijana wa bodaboda inampa droo baada ya droo, na mashine za dubwi zinameza sarafu kila sekunde chache. Mshahara wa siku ya kuchuma chai unaweza kuisha kabla maji ya ugali hayajachemka. Nao wanaochezeshwa hivyo ni vijana wenzetu wa VIWAWA, tunaokaa nao benchi moja kanisani.

Serikali inayo Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na sheria inakataza mtoto chini ya miaka 18 kucheza. Ni haki ya raia kudai mashine zote zikaguliwe mara kwa mara na watu wasiozimiliki, na matokeo ya ukaguzi yatangazwe kwa Kiswahili. Lakini sisi wa parokia tunaweza kuanza na lililo mikononi mwetu.

Tunapendekeza hivi. Kabla ya kuuza tiketi, kamati iulize kibali kinachotakiwa. Wanakamati na watu wa nyumbani mwao wasinunue. Siku ya droo, idadi ya tiketi zilizouzwa isomwe hadharani, na vishina vihesabiwe mbele ya wajumbe wa kila jumuiya. Mtoto wa jumuiya nyingine afungwe macho, akunje mikono ya shati, achote. Kama tiketi ni nyingi mno, ziko njia bila simu: andikeni vikaratasi kumi, kuanzia 0 hadi 9, chota kimoja, kisome, kirudishe, koroga, chota tena, mpaka tarakimu zote zitimie. Namba isiyouzwa ikitoka, rudieni. Ndiyo, itachukua nusu saa. Nusu saa hiyo ni sehemu ya haki.

Tena zawadi ya tiketi isiwe kisingizio cha kuacha kutoa kwa moyo. Mwenye shilingi 1,000 ya chumvi na sabuni aambiwe waziwazi: mama, hiyo nenda nayo nyumbani, mabati yatapatikana.

Yule mama wa WAWATA hakudai ng'ombe. Alitaka kujua tu kama namba yake ilikuwemo. Siku tutakapomwita asogee, atie mkono ndoo, akione kishina chake kwa macho yake, atakuwa amepata jibu, hata mtamba ukienda kwa jirani.

Tumsifu Yesu Kristo, milele na milele. Amina.