Anga ni Kubwa, Njia ya Kutua ni Moja

Wasomaji wangu, leo naacha mambo ya kompyuta kidogo, ingawa mtaona tutaishia hukohuko. Marubani wa ndege ndogo wana msemo wao: anga ni kubwa. Yaani ndege mbili kugongana huko juu ni bahati mbaya ya ajabu, ya nini kuhangaika? Mimi nasema msemo huo ni upuuzi, na huku kwetu Kericho na Bomet ni upuuzi wa hatari.

Kiwanja cha Kerenga hapa Kericho hakina pilikapilika za Wilson. Katika viwanja vidogo visivyo na mnara wa kuongozea ndege, kila rubani anatangaza kwenye redio yuko wapi na anafanya nini, kisha anatoa macho. Basi. Ongeza helikopta za wanasiasa zinazotua kwenye viwanja vya shule kila msimu wa kampeni na kila mazishi makubwa. Anga ni kubwa kweli, lakini anayekuja kutua anashuka hadi karibu mita 300 juu ya kiwanja, anazunguka upande uleule na kuelekea kwenye njia ileile. Ndiyo maana ndege nyingi zinazogongana hugongana karibu na viwanja, tena mchana kweupe.

Na hali ya hewa yetu mnaijua. Alasiri upepo wa Ziwa Victoria unakutana na ule wa mashariki, mawingu yanarundikana, na mvua ya mawe inapiga chai. (Mwishoni mwa miaka ya 1960 kulikuwa na ndege ndogo zilizorushwa hapa kunyunyizia mawingu dawa ili kupunguza mawe hayo. Kericho ilikuwa na mambo!) Mawingu yakifunga, linabaki pengo moja. Rubani wa kwanza analiona, na wa pili analiona pia.

"Si wataonana?" Haya, tupige hesabu. Ndege mbili zinakuja uso kwa uso, kila moja kilomita 200 kwa saa. Zinakaribiana kwa mita 111 kila sekunde. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inakadiria kwamba rubani anahitaji sekunde 12.5 kuona kitu, kutambua ni ndege, kuamua, kugeuza usukani na kusubiri ndege iitikie. Kwa hiyo ni lazima umwone mwenzako akiwa bado kilomita 1.4. Cessna 172 ina mabawa ya mita 11. Kwa umbali huo upana wake ni karibu na ule wa mwezi angani, ila ni mwezi uliobanwa ukabaki mstari mwembamba. Ubaya zaidi ni kwamba ndege ambayo itakugonga haisogei kwenye kioo chako. Imetulia palepale kama doa la uchafu, inakua taratibu, halafu ghafla inajaza kioo. Jicho la binadamu linavutwa na kitu kinachosogea. Hicho hakisogei!

Sisi waandishi wa programu tunaufahamu ugonjwa huu. Michakato miwili inataka rasilimali moja, hakuna kufuli, na mtu anakuambia "mbona siku zote inafanya kazi?" Inafanya kazi kwa sababu watumiaji ni wachache. Anayesema Kericho haina ndege nyingi anatetea programu yake kwa hoja hiyohiyo.

Mnara nao si dawa ya kila kitu. Tarehe 5 Machi 2024, karibu na Wilson, ambako mnara upo na waongozaji wapo, Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa ikielekea Diani na watu 44 iligongana na Cessna 172 ya mafunzo. Dash 8 ilirudi salama. Wawili waliokuwa kwenye Cessna walifariki, na mabaki yakaanguka Mbuga ya Wanyama ya Nairobi. Kama hilo linatokea Wilson, huku kwetu tunategemea nini?

Sasa turudi kwenye kompyuta. Kifaa cha ADS-B hurusha mahali ndege ilipo na urefu wake hewani, kila sekunde, bila rubani kufungua mdomo. Kuyapokea matangazo hayo ni rahisi ajabu: kipokezi cha redio cha USB, Raspberry Pi, na programu huria dump1090, iliyoandikwa na Salvatore Sanfilippo, yuleyule wa Redis. Vyote pamoja ni kama dola 100. Lakini kipokezi hakimwoni asiyerusha, na hapo ndipo hobi yetu inapofika ukingoni.

Uingereza waliliona hilo. Mwaka 2020 mamlaka yao ya anga ilianza kuwarudishia wenye ndege ndogo nusu ya bei ya kifaa cha kujitangaza, hadi pauni 250. Ni pesa kidogo kuliko gharama ya helikopta kumleta mheshimiwa mazishini. KCAA ifanye vivyo hivyo hapa, na ianze na shule za urubani na wenye helikopta za kukodisha. Sisi tutaweka vipokezi. Paa la kiwanda cha chai kilicho mlimani, chenye umeme na intaneti, linatosha.