Ndege haiondoki bila listi, boti kwa nini iondoke?

Leo nataka tuongee juu ya ndege. Najua wengine watacheka. Kwa wengi wetu ndege ilikuwa kelele tu iliyopita juu, ikienda kutua Kavumu. Na M23 iliingia Kavumu tarehe 14/02/2025, siku mbili mbele ya kushika Bukavu. Toka hapo, mtu wa kwetu mwenye safari ya Goma anafikiria barabara ao ziwa. Ni kwa sababu ya ziwa ndiyo naongea juu ya ndege: kuna kazi rubani anafanya mbele ya kuondoka ambayo kwenye bandari zetu ndogo sijaiona.

Rubani wa ndege ndogo, mbele ya kupanda, anaizunguka kwa miguu. Anaangalia matairi. Anasukuma kwa mkono zile sehemu za bawa zinazochezacheza, ajue kama hazikukwama. Anafungua kizibo chini ya tangi, anakinga mafuta kidogo katika kichupa kinachoonyesha ndani, kisha anakiinua kwenye mwanga. Maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, na macho yanayaona. Kwenye inchi ya mvua kama yetu, ambako mafuta yanakaa katika mapipa, kichupa hicho kinaokoa watu. Kisha ndani ya ndege, mmoja anasoma listi kwa sauti na mwenzake anajibu akigusa kitu kilichotajwa.

Mtu ataniambia: rubani wa miaka makumi mawili anasomewa kama mtoto wa shule? Ndiyo. Tarehe 30/10/1935, kule Dayton, Marekani, Boeing walileta ndege mpya ya injini nne, na aliyeiongoza alikuwa Meja Ployer Hill, rubani mzoefu. Ilipaa, ikainua pua kupita kiasi, ikaanguka. Kufuli inayoshika sehemu za mkia wakati ndege imelala chini haikufunguliwa. Hill alikufa. Marubani wenzake hawakusema ndege ni mbaya. Waliandika karatasi ya mambo ya kuangalia kila safari. Ndege ile ile baadaye ilitengenezwa kwa maelfu.

Lakini sisi Wakongomani tuseme ukweli. Karatasi tunazo na ndege zetu zinaanguka. Toka mwaka 2006 Umoja wa Ulaya unakatalia kampuni za ndege za Kongo kuruka kwao. Tarehe 25/08/2010 huko Bandundu watu 20 walikufa kwa 21 waliokuwa ndani, na yule mmoja aliyeokoka alisimulia kwamba mamba alitoka katika mfuko wa abiria, watu wakakimbilia mbele, ndege ikapoteza uzani wake. Tarehe 24/11/2019 Dornier iliyokuwa inaondoka Goma kuelekea Beni ilianguka juu ya nyumba za watu, ikaua hata waliokuwa kwao.

Kwa maoni yangu, listi inafanya kazi mahali ambapo anayeishika anaweza kusema «hatuondoki» na kesho bado akawa na kazi. Bila hiyo, anaweka alama kwenye karatasi, tajiri anafurahi, watu wanapanda.

Sasa tushuke ziwani. Tarehe 03/10/2024 boti Merdi ilitoka Minova na kuzama mbele ya Goma, karibu kabisa na Kituku, watu waliokuwa wakingojea ndugu zao wakiona kwa macho. Barabara ya Goma–Minova ilikuwa imekatwa na vita, ndiyo sababu wamama wa biashara na jamaa zilizokimbia walijazana majini. Gavana wetu Jean-Jacques Purusi alitangaza kwamba ilibeba watu 278 na kwamba 78 walikufa. Wengine wakatoa hesabu ndogo kuliko hiyo. Hesabu zilipishana hivyo kwa sababu moja rahisi: majina ya waliopanda hayakuandikwa yote. Jamaa zilizunguka hospitali na nyumba ya maiti zikimtafuta mtu ambaye hakuna karatasi inayosema alikuwa ndani.

Najua kwa nini watu wetu hawapendi neno «kontroli». Kwenye njia zetu kontroli maana yake ni kamba, askari, na mkono ulionyoshwa. Anaangalia mfuko wako wa mihogo, haangalii kama boti imetoboka. Mimi siombi kizuizi kingine kwenye pwani, tunavyo vya kutosha. Naomba mtu mmoja, mwenye boti asiyemlipa, ahesabu vichwa na jile za kuokolea mbele ya kamba kufunguliwa. Naomba mstari wa rangi upakwe ubavuni mwa boti, na maji yakiufikia, mizigo ishuke. Mstari kama huo hata asiyejua kusoma anauona, na hauongwi.

Na wakati tunangoja, jamaa zilizokimbia, ambazo zinasafiri kwa haraka na bila chaguo, zifanye hili: dai jina lako liandikwe, pamoja na la kila mtoto, hata wa mgongoni, maana watoto ndio wanaosahauliwa kwanza. Muachie mtu anayebaki pwani jina la boti na saa ya kuondoka. Kapita akikataa kuandika kwa kisingizio cha haraka, mjue tayari amepita kipimo, na boti ya kesho asubuhi bado ipo.