Nyumba nafuu: foleni ianze na wenye dhiki

Mtumishi wa Lodwar, kaunti ya Turkana nchini Kenya, hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara wake kwa nyumba za bei nafuu, na mwajiri huongeza kiasi hichohicho, kama inavyoagiza sheria ya 2024. Anayetaka nyumba hujisajili mtandaoni kwenye Boma Yangu na kuanza kuweka akiba.

Mjane anayeishi chini ya makuti ya mikoma kando ya Kawalase, mto mkavu unaofurika ghafla, ataweka akiba gani? Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Haki haingoji amana.

Tunapendekeza maombi ya dharura yapokelewe kwa karatasi katika ofisi za machifu, Lodwar hadi Kakuma. Afisa afike, akague paa, choo na umbali wa maji, kisha alama za uhitaji zitolewe na orodha ibandikwe hadharani.

Katika Kalobeyei, makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa 2016 karibu na Kakuma, wakimbizi walipewa fedha wakajijengea nyumba za kudumu. Wenyeji nao wanastahili mpango kama huo. Mnyonge hana haki ni msemo wa zamani; serikali ya kaunti na ya kitaifa ziukanushe kwa vitendo.