Ubudha hautaokoa nyanya wa Kisii

Kuna mtindo umetushika sisi tusioamini Mungu. Mtu anaacha kanisa, wiki mbili baadaye ni shabiki wa Buddha. Ati Ubudha hauna Mungu muumba, kwa hivyo hauna damu. Kweli? Myanmar wengi ni Wabudha, na mwaka 2017 Warohingya zaidi ya 700,000 walikimbilia Bangladesh jeshi likichoma vijiji vyao. Kuna watawa waliokuwa wamehubiri chuki hiyo kwa miaka.

Sasa rudi huku kwetu. Oktoba 2021, Marani, kina mama wazee wanne waliuawa na kuchomwa wakiitwa wachawi. Mei 2008, hapa hapa Gusii, walikuwa watu 11. Na hii ni nchi ya makanisa: Jumamosi yanajaa, Jumapili yanajaa. "Usiue" kila mtu anaijua tangu utotoni. Lakini mmoja akipiga kelele "omorogi!", kijiji kizima kinatoka. Ukichimba, mara nyingi unapata kuna shamba ambalo mtu alikuwa analimezea mate.

Shida si Mungu gani uko naye, au kama huna. Binadamu akiogopa, au akitaka cha mwenzake, dini yoyote itamtosha.

Buddha namkubali kwa moja: aliwaambia Wakalama wasiamini kitu kwa sababu tu ya uvumi au desturi. Sawa, lakini hiyo haihitaji kukalia mkeka ukifumba macho. Muulize jirani: ulimwona akiroga? Lini? Wewe mwenyewe, ama uliambiwa? Na uulize kabla petroli ifike.