KROSI YA PROPELA SHAFTI: TUJIFUNZE KUIBADILI WENYEWE

Ndugu Wanachama,

Msimu wa karafuu ukikaribia, mikutano yetu hujaa habari za majamvi, magunia na bei. Hayo ni mambo ya maana. Lakini liko jambo dogo linalotutia hasara kila msimu nasi hatulitaji, nalo ni magari yetu kusimama njiani kwa sababu ya krosi. Leo nawaomba mnistahimilie niseme habari za chuma hiki.

Propela shafti ndiyo inayochukua nguvu kutoka giaboksi kupeleka kwenye difu ya nyuma. Kwa kuwa magurudumu hupanda na kushuka kwa mabonde ya njia, shafti hiyo haiwezi kufungwa kavu. Lazima iwe na viungo vya kuikunja. Ndani ya kila kiungo mna krosi, chuma chenye ncha nne, na kila ncha imevishwa kikombe chenye sindano nyembamba za beringi pamoja na grisi. Grisi ikikauka, au maji ya matope yakiingia, sindano huliwa na kutu na kiungo huanza kucheza.

Dalili zake hazijifichi. Ukiachia klachi gari linagonga "ko!" kabla ya kuondoka. Likienda polepole husikia mlio kama wa vifaranga chini ya miguu yako. Likikimbia, sakafu hutetemeka. Ukichungulia chini utaona vumbi jekundu la kutu limezunguka vikombe. Mwenye gari akisikia hayo akasema "Litafika tu", anacheza na roho za watu. Maana shafti ikichomoka upande wa mbele gari likienda mbio, ncha yake hujichimbia barabarani na inaweza kulipindua gari pamoja na wachumaji waliopanda nyuma.

Tena karafuu mbichi haimngoji fundi. Ikilala ndani ya gunia hushika joto ikavunda, na hata ukiianika baadaye hutoka nyeupe iliyosinyaa, isiyo na mafuta ya kutosha. Kazi ya mwaka mzima ya kupalilia na kukodi wachumaji huharibika kwa ajili ya chuma kinachoenea kiganjani.

Nilipokuwa Kitaya, Mkoa wa Mtwara, karibu na Mto Ruvuma, niliona wenzetu wakulima wa korosho wanavyolichukua jambo hili. Kitaya ni kijiji kilichoonja taabu: Oktoba 2020 wavamizi waliotoka upande wa Msumbiji walikishambulia, wakaua watu na kuchoma nyumba. Mahali kama hapo hakuna asiyejua thamani ya gari linaloondoka mara linapowashwa. Baba yangu mdogo anayekaa huko alikuwa chini ya mkorosho na jirani yake, wamelaza shafti juu ya gunia safi, wanabadili krosi. Nikamwuliza, "Baba, kwa nini usimwite fundi?" Akanijibu, "Mwanangu, fundi yuko Mtwara mjini, lakini krosi imefia hapa."

Na liko somo jingine kubwa la mashine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mradi wa Karanga katika Tanganyika, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Yaliletwa matrekta mengi yaliyokwisha tumika jeshini, na hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa matrekta. Lakini spea zilikuwa haba na mafundi wachache, hivyo mitambo mingi ikalala porini. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, mamilioni ya pauni yamekwenda. Mashine isiyo na mtu wa kuitengeneza karibu ni mzigo tu.

Sasa kazi yenyewe. Kwanza, zima injini, gari liwe mahali pa sawa, na weka kabari imara mbele na nyuma ya magurudumu. Hapa watu wengi hukosea: shafti ikishatoka, gia haizuii tena magurudumu ya nyuma, na katika Land Rover za zamani hata breki ya mkono haizuii, kwa kuwa imefungwa nyuma ya giaboksi na huzuia shafti, si magurudumu. Wala usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Weka stendi au magogo mazito.

Pili, ishike shafti kwa mikono miwili, mmoja huku na mmoja huku wa kiungo, uizungushe kinyume. Ikicheza hata kidogo, krosi imekwisha. Kabla ya kufungua boliti, chora alama kwa msumari pande zote mbili zinazokutana, ili shafti irudi vile vile ilivyokuwa. Ikirudishwa vingine inaweza kutetemeka.

Tatu, safisha kutu, toa klipu kwa koleo, kisha tia kiungo kwenye jiliwa. Upande mmoja weka soketi ndogo ya kusukuma kikombe, upande wa pili soketi kubwa ya kukipokea. Kaza polepole, kikombe kitatoka. Anayepiga nyundo kwa hasira hupinda masikio ya shafti, na hasara ya krosi inakuwa hasara ya shafti nzima.

Nne, krosi mpya iwe ya kipimo kile kile. Hakikisha sindano zote zimesimama ndani ya vikombe, maana moja ikilala kikombe hakiingii mpaka mwisho. Klipu zikae sawasawa katika mifereji yake. Chuchu ya grisi ielekee mahali bomba litakapofika. Kiungo kikunjwe kila upande bila kukwama na bila kucheza. Mwisho funga boliti na nati mpya, uzikaze barabara.

Baada ya hapo ni grisi tu, hasa gari likipita kwenye maji. Nanyi wenye magari madogo yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kiungo chenu ni cha namna nyingine: kikisikika "ka-ka-ka" mkikata kona, kimelika. Chungueni mfuko wa mpira unaokifunika. Ukiwahiwa ulipoanza kupasuka, mnabadili mpira na grisi. Mkichelewa, mchanga utakula chuma.

Wako watakaosema, "Kazi ya fundi mwachie fundi." Nakubali katika difu, giaboksi na shafti iliyopinda au iliyolika meno, hayo si ya uani. Lakini kubadili krosi ni kazi ya mtu mwangalifu na jirani yake kwa nusu siku. Fundi naye tumhifadhie kazi zinazomstahili, tusimchoshe kwa yale tunayoyaweza.

Kwa hiyo naona yafaa mkutano mkuu ujao uamue Chama kinunue jiliwa moja nzito, stendi nne, koleo la klipu, soketi na bomba la grisi, viwekwe ghalani na kuazimwa kwa daftari. Kila tawi lichague vijana wawili wajifunze kwa fundi kabla ya msimu, na kila mwenye gari aweke krosi moja ya akiba nyumbani. Gharama tukigawana haitamwumiza mtu, na gunia moja lililovunda humwumiza mwenyewe peke yake.

Haba na haba hujaza kibaba. Na hasara ndogo ndogo nazo hukimwaga. Tuanze kabla mikarafuu haijawa tayari.

Wassalaam,
Katibu wa Chama