Barua Kutoka Sigowet: Wimbo wa Mwenzio

Wako watu hapa kwetu Sigowet wasemao kwamba mpiga saksafoni ajazaye santuri yake kwa nyimbo za wengine ni kasuku tu. Mimi sikubaliani nao.

Zitazameni habari za Manu Dibango wa Kamerun. Mwaka 1961 alijiunga na African Jazz ya Joseph Kabasele, akaenda kukaa Léopoldville, Kongo. Mwaka 1969 alitoa santuri iitwayo Saxy Party, ambamo nyimbo zake mwenyewe zimechanganyika na za watu wengine, na jazi imekaa pamoja na souli ya Wamarekani weusi. Saksafoni haina maneno. Kwa hiyo wimbo tuliouzoea hutujia kama jirani aliyerudi kutoka safari ndefu, sura ni ileile lakini mwendo umebadilika. Kasuku hawezi kazi hiyo.

Lililo zito ni haki ya mwenye wimbo. Mwaka 1972 Dibango alitoa Soul Makossa, na mwaka 1982 Michael Jackson akatia kiitikio kilichotokana nao katika santuri ya Thriller pasipo idhini. Dibango alidai haki yake, wakapatana nje ya mahakama. Basi vijana wetu wenye bendi, mpigapo wimbo wa mtu arusini, mtajeni kwanza. (Na vipaza sauti mvipunguze kidogo, ng'ombe nao hulala.)

Wala mambo haya si ya mbali. Jimmie Rodgers wa Mississippi, Mzungu aliyeimba bluzi, yaani nyimbo za majonzi za watu weusi wa kwao, alifariki mwaka 1933. Santuri zake zilisikiwa kwa gramafoni hata huku kwa Wakipsigis, na jina lake likageuka kuwa Chemirocha. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine ya kunasa sauti, akamkuta Chemutoi Ketienya na wasichana wenziwe wakimwimba huyo Chemirocha kwa kinubi. Jina lilitoka ng'ambo. Wimbo na kinubi vilikuwa vyao.

Sauti zao zilisikiwa nchi nyingi duniani, ila wao wenyewe hawakuwa na nakala. Ilipita miaka 65 hivi ndipo nakala zikarudishwa Kapkatet, na baadhi ya walionaswa sauti siku zile walikuwa bado hai, wakajisikia.